Sura ya Mama Sokoni Burma

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo zangu wawili. Baadaye nilipata kazi katika stoo ya filamu ya kituo cha televisheni, kupanguza vumbi na kutafuta mikebe iliyoitishwa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, mtayarishaji mmoja alikuwa akitengeneza filamu kuhusu mitaa ya Eastlands kwa picha za habari za zamani. Akaomba chochote cha sokoni. Katika filamu ya mkebe mmoja nikamwona mama, pale soko la Burma, akichagua matumbo, kitindamimba wetu mgongoni. Anageuka, anacheka na muuza nyama, basi. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Nikauweka mkebe ule juu ya mingine. Sikusema ni nani, nisije nikaambiwa naingiza watu wetu kwenye televisheni.

Jumapili jioni filamu ilipoonyeshwa, tulijazana sebuleni kwa jirani, mtaani Umoja. Mama akatokea. Picha zile hazikuwa na sauti, kwa hivyo mtayarishaji alikuwa ameweka maneno yake: mjini wako akina mama waliopenda starehe wakasahau watoto. Yakaangukia kicheko chake.

"Kwani huyu si mama yenu?" jirani akauliza.

Kaka yetu anayenifuata akatoka bila kuaga. Kitindamimba, wa miaka tisa, hakusikia neno. "Huyo mgongoni ni mimi? Dada, ni mimi?"

Kesho yake nikamweleza mtayarishaji. Akashika kichwa. "Si ungesema, dadangu? Maneno siwezi kuyabadilisha sasa. Lakini picha naweza kuitoa niweke nyingine kabla ya marudio."

"Itoe," nikasema. Niliwafikiria majirani.

Siku ya marudio nilikuta kitindamimba ameita wenzake, wamejaa sakafuni kwa jirani.

"Mathe yako kwa tivii? Wewe muongo!"

"Bisheni tu. Mtamwona."

Soko likaja. Muuza nyama akaja. Halafu, mahali pa mama, ikaja picha ya mvua, barabara ya Outer Ring Road imejaa maji.

"Ngojeni," akawaambia, akisogea karibu na kioo. "Bado."

Walipoanza kumzomea akanigeukia. "Dada, si waambie!"

Nikawaambia alikuwepo, nilimwona kwa macho yangu.

"Sasa nani amemtoa?" akaniuliza.

Nikamjibu ni watu wa kituo.