Sala Ndefu ya Chakula

Nikisikia harufu ya wali ulioshika ukoko, tumbo langu hukumbuka sala ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia. Masufuria ya chakula yalikuwa mbele yetu, siku ya mkutano wa kijiji, huku kwetu machimboni, si mbali na Rwamgasa.

Nilikuwa na miaka minane. Mama yangu alikuwa mchungaji, yeye mwenyewe, si mke wa mchungaji, ingawa wageni walizoea kumpa baba mkono kwanza. Siku hiyo wachungaji wanaume walikaa meza kuu na mwenyekiti. Mama alikaa mkekani nasi. Tajiri mmoja alitaka kufunga karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, pembeni kabisa ya kisima chetu. Akina mama walimtuma mama akatae kwa niaba yao. Akanyoosha mkono mara tatu.

"Mama Neema, tulia," mwenyekiti alimwambia. "Wewe utatuombea chakula. Tukishakula, tutalipitisha hilo la karasha."

Basi akasimama kuomba. Watu wakafumba macho. Mimi nilifumba moja tu, la pili lilikuwa linalinda nyama.

"Bwana, asante kwa wali huu, uliopikwa kwa maji ya kisima chetu," alianza, taratibu kabisa. Akawashukuru waliochota alfajiri. Akaomba vumbi na zebaki visifike majini. Akamwombea mwenyekiti, ambaye watoto wake wanakunywa pale pale, apate ujasiri wa kumwambia tajiri akafunge mashine yake mbali. Mwenyekiti akafumbua jicho, likakutana na langu, akalifumba haraka. Nani angemkatiza mtu anayeongea na Mungu?

"Mayu, endelea," bibi mmoja alinong'ona, akimwita mama kwa kilugha chetu. Mimi njaa ilikuwa inaniua.

Mwishowe mkutano mzima ukaitikia amina, mwenyekiti naye, tena kwa sauti nzito.

"Mwenyekiti," yule bibi akasema, "nimekusikia umeitikia."

Watu wakavunjika mbavu, hata mwenyekiti mwenyewe akacheka. Baada ya kula, karasha likapangiwa ng'ambo ya bonde. Nilirudi nyumbani narukaruka, na kwa miaka mingi nikamtambia kila mtu kwamba mama yangu anaomba kuliko wachungaji wote.

Ukubwani ndipo nikaelewa. Wale wachungaji wanaume hawakuhitaji sala ndefu. Wao walipewa nafasi ya kusema.

Siku hizi nami ninaota kuvaa ile kola nyeupe ya uchungaji. Chakula nitakiombea, kwa furaha, tena kwa kifupi, wali usipoe. Lakini neno la kisima nitalisema kabla, watu wakiwa wamefumbua macho.