Kitoto cha Sungura

Jirani anapofyeka nyasi, ile harufu mbichi hunirudisha Mbagala, kwenye shamba la ujamaa la mihogo. Nilikikuta kitoto cha sungura kimejibanza majanini, macho wazi, hakijitikisi hata nilipokigusa. Mama yake sikumwona. Nikakibeba nyumbani, moyo wake ukidunda viganjani mwangu, nikajiona mwema kweli.

Jioni mama akarudi kutoka zamu kiwandani, vumbi la pamba limemjaa nyweleni.

"Shikamoo mama. Nimekiokota, kimetupwa."

"Nani kakwambia kimetupwa? Sungura humficha mwanawe mchana, giza likiingia ndio anakuja kumnyonyesha."

"Lakini kilikuwa peke yake."

"Na wewe kutwa nzima ulikuwa na nani?"

Nikatazama mlangoni. Giza lilikuwa limeshaingia.