Friji Iliyoandikwa Jina la Fatu

Mimi Shekha sijifichi: nina wivu. Nimezaliwa nao, nikaolewa nao, na Abdulghani alipomwoa Fatu wa Mambrui, ndio ukanenepa kabisa. Mume yuko Jedda, ni dereva. Sisi wakeze tuko Malindi, mtaa mmoja, kila mmoja na nyumba yake. Simu ilikuwa moja tu, dukani kwa Msellem. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, baada ya sala, Abdulghani hupiga, nasi tumekaa benchini tukingoja.

Huanza na mimi, mkubwa. Huniuliza paa linavuja bado, na watoto wanasoma? Basi. Akishika simu Fatu, hucheka. Hucheka nini, hata leo sijaambiwa.

Simu yenyewe ilikwaruza, usipopaza sauti husikiwi. Mwezi wa Rajabu, mwaka wa themanini na sita, nikaipaza. Nikamwambia mume kwamba nimechoka, Fatu hununuliwa kabati, mimi hununuliwa maneno, na hiyo friji aliyokuwa akiitaja, ikija itakuwa ya nani? Wanywa kahawa wa barazani wote wakageuka kusikiliza. Sikutazama ni nani na nani. Wajinga ndio waliwao, na mimi nilijipakua mwenyewe.

Siku kumi baadaye, adhuhuri, Msellem akanitumia mtu: unaitwa kwenye simu. Alikuwa mwanamume, sauti laini, salamu ndefu. Akasema ni karani wa mizigo Mombasa. Akamtaja mume, akataja Jedda, akataja friji. Imefika, akasema, lakini imeandikwa jina la bibi Fatu. Nikasema nilijua tu.

Akateremsha sauti. "Bibi, mimi mwenyewe ni mtoto wa mke mkubwa. Uchungu huu naujua. Jina hubadilishwa, lakini ni leo, na asijue mtu."

Mkubwa wake wa kazi, alisema, alitaka kushikwa mkono kidogo. Pesa sina. Nilikuwa na mkufu wa dhahabu, mamangu aliuvua shingoni siku za mwisho wake akanivika mimi. Wallahi nilikwenda mbio. Alasiri hiyo hiyo, kwenye stendi ya basi, nikampa mjumbe wake mwenye kofia ya kijani, na nikamshukuru.

Friji haikuja. Abdulghani alikuja likizo kabla ya Ramadhani, na friji hajanunua bado. Nikalia, nikayatapika yote mbele yake na mbele ya Fatu. Nilingoja Fatu acheke. Hakucheka.

"Alinipigia mimi kwanza, dada," akasema. "Siku hiyo hiyo, asubuhi. Kwangu alisema imeandikwa jina lako."

Nikamwuliza mbona hakutoa kitu.

"Nilimwuliza, mume wangu huniitaje tukiwa wawili. Akababaika. Nikaweka simu chini."

Na mbona hakuniambia? Akasema ningedhani ananiringia. Kweli, ningedhani. Abdulghani alikuwa ameinama, anatazama mkeka.

Mkufu wa mama umekwenda, na aliyeuchukua Mungu anamjua. Kinachonichoma ni lile swali. Miaka kumi na mitano niko na mume yule, na hata lau ningekuwa na akili ya kuuliza, mwizi angejibu sawasawa. Mimi huniita Shekha.