Kamba ya Nje ya Mama Mashuka

Jumatano, tarehe 9 Agosti. Anga lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, joto limetulia, upepo hafifu ukivuma kutoka nyuma ya nyumba kuelekea barabarani.

Mama Mashuka, dobi wa mtaa wetu, alitoka na beseni kiunoni akaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nje, ile iliyofungwa kando ya barabara. Kwa miaka mingi kamba hiyo haikuwa na kazi. Bajaji za petroli zilikuwa zinageuzia pale, na shuka lililoanikwa karibu nazo lilirudi na madoa meusi, laini kama wanja. Ndiyo maana alijiwekea utaratibu: kabla ya kuanika, alitundika kwanza kitambaa kimoja cheupe alichokiita mjumbe. Mjumbe akirudi msafi, mashuka yanatoka. Akirudi na habari mbaya, mashuka yanaanikwa chumbani, yanakauka kwa kununa.

Mwaka huu bajaji za umeme zilianza kuingia mtaani. Ya kwanza ilikuwa ya mumewe, ambaye sote, hata yeye mkewe, tunamwita Dereva. Zamani kikohozi chake ndicho kilichotuamsha majirani. Sasa alirudi nyumbani kimya, kama usingizi unavyoingia chumbani bila kupiga hodi. Kifua kikafunguka. Wenzake nao wakabadilisha. Mjumbe akawa anarudi mweupe, na Mama Mashuka akaanza kuota ndoto za mchana: barabara nzima imeanikwa mashuka, watu wanapita katikati yake taratibu, kama wanaotembea mawinguni.

Siku hiyo hakumtuma mjumbe. Alianika mashuka yote ya kliniki ya wazazi, pale ambapo sista mkuu alikuwa ameshamwambia kwamba likionekana doa tena, watatafuta dobi mwingine. Akakaa mlangoni kuyatazama yakijaa upepo na kupungua, yakijaa na kupungua, mpaka naye akapitiwa na usingizi.

Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Dereva aliazima jenereta la dizeli kwa fundi wa kuchomelea, akaliweka nyuma ya ukuta, akachomeka bajaji. Mkewe alisikia mngurumo usingizini akadhani ni mvua ya mbali. Alipofumbua macho, mashuka yalikuwa bado yanapumua, ila rangi yake ilikuwa ya jioni, na jua lilikuwa la mchana.

"Dereva."

"Naam."

"Njoo utazame."

Akaja, akashika pindo la shuka, akaligeuza. "Vumbi hili, labda."

"Vumbi halinuki dizeli, baba."

"Lakini si nimeliweka nyuma ya ukuta?"

"Na moshi ukauliza njia, ukaelekezwa."

Dereva akajikuna kisogo. "Mara moja tu nimewasha jenereta, nimekuwa shetani. Na wewe na pasi yako ya mkaa? Malaika?"

Mama Mashuka hakutaka kucheka, akacheka. Kisha akakaa chini na shuka mapajani, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Kesho nitakwenda kuchaji kule kituo kikubwa," Dereva akasema. "Kule umeme haukatiki."

"Umeme wao unatoka wapi?"

"Mbali. Wengine wanasema maji, wengine wanasema gesi."

"Na huko mbali, kuna mtu kaanika?"

Bajaji moja ya umeme ilipita, na kilichosikika ni matairi tu juu ya mchanga.

"Sijui, mama. Ninachojua, hapa napumua."

"Hilo nalijua. Mimi ndiye ninayelala ubavuni kwako." Akamkabidhi shuka. "Lakini usiniambie moshi umekufa, wakati umehama tu."

Dereva alikwenda kuzima jenereta, ingawa betri ilikuwa imepata chaji kidogo tu. Halafu akatembea kwa miguu mpaka kliniki kumweleza sista mwenyewe. Alirudi na jibu: akina mama hawalalii moshi; mashuka yafike asubuhi kabla zamu haijabadilika, au wasijisumbue tena.

Wakafua upya. Mama Mashuka alisugua, Dereva akashika ncha ya pili, wakakamua wakiwa wameelekeana kama watu wanaosokota kamba ndefu. Jioni nilipowapelekea kamba yangu ya akiba, nyumba yote ilikuwa imejaa weupe. Mashuka yalining'inia sebuleni, chumbani, mpaka juu ya kabati, na mwanga wa tochi ulikuwa mahali fulani nyuma yake. Niliwasikia wakizungumza humo ndani, wakipishana na kupotezana, bila kujua nani yuko upande gani.

Asubuhi Mama Mashuka alilipiga pasi shuka la mwisho, jiko la mkaa wa pasi likiwa limewekwa nje kabisa, mlango wa nyuma. Akayakunja, akayafunga kwenye kanga safi, akamnusisha mumewe kila pembe ya furushi. Kisha akauliza habari ya betri ya bajaji.

"Ya kwenda ipo," Dereva akasema. "Kurudi tutasukuma."

"Wewe utasukuma, mimi nitashika usukani," Mama Mashuka akajibu, akapanda nyuma, akapakata mashuka yake, wakaondoka bila sauti.