Gari Jeupe la Mwalimu

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na kalamu naishika mara chache.

Najifunza ufundi kwenye gereji hapa Kasulu. Juzi fundi aliniambia, "Dogo, toa taa za mbele za gari jeupe la mwalimu, uzisafishe. Lipo nje."

Nje nilikuta magari mawili ya zamani ya aina moja, yote mekundu kwa vumbi la barabara ya Kibondo. Niliona aibu kurudi kuuliza, nikachagua la karibu. Nilizitoa taa, nikazisugua kwa dawa ya meno mpaka zikang'aa. Bado nimezikumbatia, mama mmoja akatoka dukani akipiga kelele, "Mwizi! Taa zangu!"

Watu wakanizunguka, mmoja kashika jiwe. Nikaanza kulia. Fundi akaja mbio, akachukua ndoo yangu na kumwaga maji juu ya boneti. Ikatokea rangi ya bluu.

"Dogo, hili ndilo jeupe?"

Mama akalitazama gari, akanitazama mimi ninavyolia, akaanza kucheka. "Mwacheni. Hata mimi nilishasahau rangi yake."

Nawe umewahi kuponzwa na aibu ya kuuliza? Niandikie, nisijione niko peke yangu.