Midomo Mikavu ya Mfungo

Nanyama alizaliwa Nakuru, binti wa fundi wa reli aliyetoka Bungoma akiwa kijana, asirudi huko tena ila kwa mazishi. Yeye aliuza nguo za mtumba mtaani Rhonda, na jua la barabarani lilimchora mikunjo miwili mirefu katikati ya nyusi. Hata akicheka, mikunjo ile ilibaki imenuna. Wateja wageni walimwogopa mpaka afungue mdomo. Akishafungua hawakuondoka, kwa maana Mungu alimpa sauti ya kumtuliza hata mwenye hasira. Kanisani, nyimbo zilimngojea yeye azianzishe.

Mwaka jana kwaya ilipanda mlima wa Menengai kurekodi video. Maxwel, kijana wa kamera, aliwasimamisha katikati ya wimbo.

"Mathe, huu ni wimbo wa furaha. Mbona unaangalia kamera kama imekuibia kuku?"

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Nanyama alicheka pia, lakini kicheko kile alienda nacho nyumbani, akakaa nacho mbele ya kioo.

Ndivyo alivyofika kwa Kimberly, mwenye saluni mjini.

"Ni sindano ndogo tu, mathe. Inalegeza misuli, uso unanyooka. Na hii shingo pia tutaishughulikia, itakuwa ya msichana."

"Haina madhara?"

"Labda kichwa kuuma, mdomo kukauka kidogo. Inaisha yenyewe."

"Na wewe ni daktari?"

"Nimedunga wengi. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika."

Akadungwa kwenye paji la uso, kisha shingoni. Hakumwambia mtu. Kaka yake Nicodemus, mzee wa kanisa, alikuwa amehubiri waziwazi juu ya wanawake wanaosahihisha kazi ya Mungu, na Nanyama alikuwa ameitikia amina.

Siku chache baadaye mfungo wa mwaka mpya ukaanza. Kwao mfungo ni bila chakula wala maji mchana kutwa. Jioni watu hukutana kanisani na kufungua kwa uji wa wimbi kutoka sufuria moja. Siku ya mwisho, aliyeongoza maombi ndiye hunywa wa kwanza, na wengine hawagusi kikombe mpaka yeye ameze. Mwaka huo kiongozi alikuwa Nanyama.

Mdomo wake ulianza kukauka mapema. Ulimi ulimganda kama umepakwa unga, na hata maji ya jioni hayakuulainisha. Midomo ikapasuka. Wanawake waliona, wakanong'onezana kwa sauti ya kusikika.

"Mwangalieni dada Nanyama. Huyo ndiye anafunga. Sisi wengine tunashinda njaa tu."

Kope la jicho la kushoto lilipolegea na kulifunika jicho, walisema amekesha akiomba. Nicodemus alimtaja katika mahubiri, kifua kimemjaa. Nanyama alijua ukweli. Lakini tangu lini watu walikuwa wamemtazama usoni kwa upendo namna ile? Akanyamaza.

Alimpigia Kimberly simu.

"Hiyo ni kawaida, mathe. Kunywa maji mengi."

"Niko kwa mfungo."

"Basi maliza mfungo wako, halafu tuongee."

Jioni moja, binti yake Abby aliona chai ikimtoka mama yake puani.

"Mama, twende hospitali."

"Nikienda wataniuliza nimefanya nini."

"Kwani umefanya nini?"

Nanyama alimtazama kwa lile jicho lililobaki wazi. "Nimefunga," akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupitia puani.

Siku ya mwisho hakuweza kuanzisha wimbo. Wengine wakamwanzishia, wakidhani ni machozi. Shingo ilimlemea, akakishikilia kidevu kwa kiganja. Moyoni alikuwa ameamua kwamba kesho yake atamwambia Abby yote na kwenda hospitali. Nicodemus akamletea kikombe kwa mikono miwili.

"Anza wewe, dada. Umetubeba."

Kanisa likatulia. Nanyama aliweka uji mdomoni akausikia umesimama pale, hauendi mbele wala nyuma. Angeweza kuutema. Lakini kuutema uji wa mfungo mbele ya watu wale, kwake ilikuwa sawa na kulitema kanisa. Akainua kichwa, akaulazimisha.

Uji ulipita njia ya hewa. Alianguka kati ya viti akikohoa kikohozi kisicho na nguvu, na watu wakaanza kuomba kabla ya mtu yeyote kutafuta gari.

Hospitalini daktari aliuliza amekula nini, ametumia dawa gani.

"Amefunga tu, daktari," Abby akajibu. "Hajatumia dawa."

Nanyama aliinua mkono kwa taabu, akagusa paji la uso, kisha shingo, akarudia.

"Anataka kupakwa mafuta," Nicodemus akasema, akatoa kichupa cha mafuta ya kuombea mfukoni.

Nanyama alijaribu kutikisa kichwa, hakikutikisika. Akamshika daktari koti, akavuta pumzi aliyoweza kuipata. "Sindano," akasema.

Daktari alielewa palepale, akawaeleza Abby na Nicodemus: sindano ya kunyoosha uso ni sumu inayolegeza misuli, nayo ilikuwa imemsambaa mwilini. Walimtia kwenye mashine ya kupumulia, wakatafuta dawa ya kupambana na sumu ile, wakafanya waliloweza. Lakini uji ulikuwa umeshaharibu mapafu, na misuli ya kupumua ilikuwa imekwisha kulegea. Mungu alimchukua kabla ya Jumapili.

Siku ya kumtazama mara ya mwisho, jeneza lilifunguliwa. Uso ulikuwa laini, hauna hata mkunjo mmoja.

"Ona vile Bwana amemnyoosha uso," mwanamke mmoja akasema. "Amelala kwa amani."

Nicodemus hakusema amina.

Picha ya kwenye programu ya mazishi ilikuwa imechaguliwa na Abby. Ilitoka kwenye video ya Menengai: upepo umeinua kitambaa chake, mdomo uko wazi katikati ya wimbo, nyusi zimekunjwa. Shangazi mmoja alikuwa ameikataa, akisema wageni watadhani marehemu alikuwa mkali.

"Iwekeni hiyo hiyo," Nicodemus alikuwa amesema. "Huyo ndiye dada yangu."