Sahani ya Halua kwa Jirani

Juzi, kwenye lifti ya jengo letu hapa Guangzhou, niliona bango jipya la serikali linalokataza maofisa kupokea zawadi. Hapo hapo nikasikia harufu ya iliki, ile ya halua ya mama nilipokuwa mtoto.

Mchana mmoja wa Idi enzi hizo, humu humu jengoni, mama alinituma nipeleke sahani ya halua kwa jirani yetu Mchina, ofisa wa forodha, kama tulivyozoea Unguja. Nilikuta wanaume watatu wenye vitambulisho vya serikali shingoni wakipekua makabati yake. Mmoja akachuchumaa, akatabasamu.

"Mama huwa anamletea vitu?"

"Kila sikukuu!" nilijibu kwa fahari, nikidhani anatusifia ukarimu.

Jirani aliinamisha kichwa. Halua yetu waliitia kwenye mfuko wa plastiki, na sahani yake, wakaibandika namba ya ushahidi.

Jioni mama aliniuliza mbona sahani haijarudi. Mpaka leo haijarudi, wala jirani hajarudi.